Kumbukumbu za Mlangoni Zisilale Ghalani

Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, kutoka Nairobi hadi Kigali na kutoka Kampala hadi Dar es Salaam, milango mingi ya benki, ya wizara, ya viwanda na ya makampuni ya simu haifunguliwi tena kwa ufunguo wa chuma. Mfanyakazi hufika mlangoni, akaiweka kadi yake mbele ya kifaa kidogo kilichobandikwa ukutani, taa ya kijani ikawaka, kufuli ikaachia, naye akaingia. Tendo hilo halichukui hata muda wa kutoa salamu. Hata hivyo, katika muda huo mfupi mashine imekwisha kuandika. Imeandika namba ya kadi, mlango uliofunguliwa, tarehe, saa, dakika na sekunde; tena imeandika kama mwenye kadi ameruhusiwa au amekataliwa.

Swali ambalo wakuu wa mashirika na idara hawana budi kujiuliza ni hili: maandishi hayo huenda wapi, na ni nani anayeyasoma? Si ajabu kukuta kwamba yamelala ghalani miaka na miaka, hayana msomaji, mpaka siku ya msiba. Fedha zikiisha kuibwa, au mitambo ikiisha kuharibiwa, ndipo fundi hutafutwa usiku ayatoe, na mara nyingi ndipo hugundulika kwamba maandishi ya siku inayotakiwa yamefutwa kwa kukosa nafasi, au saa ya mashine haikuwa sahihi. Mlinzi asiyesoma daftari lake mpaka nyumba iibwe hajalinda kitu.

Wahenga walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mwizi wa zamani alivunja dirisha, na dirisha lililovunjika lilimshtaki. Mwizi wa siku hizi aweza kuwa mtu mwenye kadi halali, mwenye meza yake ofisini na mshahara wake kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa Novemba 2024, Waziri wa Nchi anayeshughulikia fedha nchini Uganda alilithibitishia Bunge la nchi hiyo kwamba akaunti za serikali katika Benki Kuu ziliingiliwa. Habari za kwanza magazetini zilitaja wadukuzi walio ng'ambo. Lakini mwezi wa Februari 2025, waliofikishwa mbele ya mahakama mjini Kampala walikuwa maofisa wa Wizara ya Fedha yenyewe. Kama wana hatia au hawana, hilo ni juu ya mahakama kuamua. Linalotosha kwa mazungumzo haya ni kwamba kila inapotokea hasara ya namna hiyo, swali la nani alikuwa ndani lina uzito sawa na swali la nani alikuwa nje. Na swali hilo la kwanza, mlango ndio unaoweza kulijibu.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza ifahamike jinsi kadi inavyofanya kazi. Kadi nyingi za mlangoni hazina betri. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa, na chembe ndogo ya kielektroniki iliyobeba namba. Kifaa kilicho ukutani hutoa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo yakiufikia waya ule, huipa kadi nguvu kidogo, nayo kadi hujibu kwa kutaja namba yake. Namba hiyo hupelekwa kwenye kisanduku cha udhibiti, ambacho aghalabu hufichwa juu ya dari au katika chumba kidogo kilichofungwa. Kisanduku ndicho chenye orodha ya kadi zinazoruhusiwa, na ndicho kinachoamuru kufuli ifunguke au isifunguke.

Kisanduku kimepewa orodha yake na kumbukumbu yake kwa sababu maalumu. Mawasiliano na kompyuta kuu yakikatika, mlango hauna budi kuendelea kufanya kazi. Hatari ya kutegemea njia moja ilionekana tarehe 4 Oktoba 2021, mtandao wa Facebook ulipozimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Siku hiyo ilitangazwa kwamba hata kadi za baadhi ya wafanyakazi wa kampuni hiyo zilishindwa kufungua milango ya ofisi zao, wakati mafundi walipokuwa wakihitajika ndani. Basi kisanduku kizuri huandika matukio hata kikiwa peke yake, kikayahifadhi, na mawasiliano yanaporudi hukabidhi yote kwa kompyuta kuu.

Huko kwenye kompyuta kuu matukio huingizwa katika kanzidata, yaani ghala ambamo taarifa hupangwa kwa safu na mistari, mfano wa daftari kubwa la karani. Kila tukio la mlangoni ni mstari mmoja. Lakini mstari huo hauna jina la mtu. Una namba ya kadi tu. Jina, idara na cheo cha mwenye kadi viko katika daftari jingine la ghala hilo hilo, na namba ya mlango nayo ina daftari lake linaloeleza kwamba mlango wa 14, kwa mfano, ni wa chumba cha fedha. Kwa hiyo anayetaka kujua ni nani aliyeingia chumba cha fedha hana budi kuyaunganisha madaftari matatu.

Kwa upande wa pili, mashirika mengi siku hizi yana kituo cha kuangalia usalama wa kompyuta zao. Kituo hicho hupokea habari kutoka kila upande: ni nani aliyefungua kompyuta ipi, ni nani aliyeingia kutoka mbali kwa njia ya intaneti, ni faili gani lililonakiliwa. Kinachokosekana mara kwa mara ni habari za mlango, kwa sababu milango huhesabiwa kuwa kazi ya walinzi na kompyuta huhesabiwa kuwa kazi ya mafundi, na wawili hao hawaketi meza moja. Kuzitoa kumbukumbu za kadi katika ghala lao na kuzipeleka katika kituo hicho ni daraja la kuwaunganisha. Kazi yenyewe si ngumu kwa fundi anayeijua, lakini ina mitego ambayo imewanasa wengi.

Mtego wa kwanza ni wa mamlaka. Programu inayotumwa kwenda kuchota kumbukumbu haina haja ya kuweza kuandika wala kufuta. Ipewe jina lake yenyewe na nywila yake yenyewe, na iruhusiwe kusoma tu, tena isome madaftari yale inayoyahitaji na si mengine. Kuipa ruhusa za msimamizi mkuu kwa sababu ya uvivu ni kumkabidhi mtarishi funguo za nyumba nzima kwa ajili ya kupeleka barua moja.

Mtego wa pili ni wa kumbukumbu zinazochelewa. Programu hiyo huja kila baada ya dakika chache, ikasoma mistari mipya, ikaondoka. Ili isisome yale yale kila mara, huweka alama mahali ilipoishia. Mafundi wengi huitumia saa ya tukio kuwa alama: yaani leo imesomwa mpaka saa 4:00 asubuhi, basi safari ijayo isome ya baada ya saa 4:00. Hapo ndipo penye kosa. Ikiwa kisanduku cha mlango fulani kilikatikiwa na mawasiliano tangu saa 2:00 hadi saa 4:10, matukio yake yote ya muda huo yataingia ghalani saa 4:10, lakini yakiwa na saa za nyuma. Programu inayotafuta ya baada ya saa 4:00 itayaruka, na hakuna atakayejua. Tena mtu mwenye nia mbaya akilifahamu jambo hilo, atakata waya kwanza ndipo aingie. Alama iliyo salama zaidi ni namba ya mfululizo ambayo kanzidata yenyewe huipa kila mstari kwa kadiri unavyopokelewa. Na hata hapo ni busara kurudi nyuma kidogo kila safari, kisha kuyaondoa yaliyojirudia.

Mtego wa tatu ni wa ukimya. Mlango wa mbele wa ofisi ya watu 300 ukikaa asubuhi nzima ya siku ya kazi bila kuleta hata mstari mmoja, hiyo si dalili ya amani. Ni dalili kwamba waya umekatika, au kifaa kimekufa, au programu imesimama. Kituo kilichopangwa vizuri hupiga kengele kwa ajili ya habari mbaya, na hupiga kengele pia kwa ajili ya kukosa habari.

Mtego wa nne ndio mkubwa kwa nchi hizi, nao ni wa saa. Kompyuta nyingi huandika kwa saa za ulimwengu, ambazo ziko nyuma ya saa za Kenya, Uganda na Tanzania kwa saa tatu kamili. Mfanyakazi aliyeingia saa 3:00 asubuhi kwa kuhesabu kwa Kiswahili, mashine iliyowekwa kwa saa za mahali itamwandika 09:00, na ile iliyowekwa kwa saa za ulimwengu itamwandika 06:00. Mlinzi wa getini, akiandika kwa mkono katika daftari lake, ataandika saa 3. Hayo ni maandishi matatu ya tukio moja. Tena Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa saa moja. Shirika lenye matawi Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura na Goma lina saa mbili tofauti chini ya dari moja la hesabu.

Madhara ya jambo hilo si ya mafundi peke yao. Na ichukuliwe kwamba katika tawi la Kigali mwanamke mfagizi anaingia chumba cha fedha saa 12:00 jioni kufanya usafi, kama afanyavyo kila siku, na kisanduku cha mlango kinamwandika kwa saa ya Kigali. Kompyuta iliyomo chumbani humo imetumiwa kuhamisha fedha kinyume cha utaratibu, na mtambo ulioko Nairobi umeliandika tendo hilo saa 12:05 jioni, lakini kwa saa ya Nairobi. Mchunguzi asiyelinganisha saa atasema kwamba mfagizi alikuwamo chumbani fedha zilipohamishwa. Ukweli ni kwamba huko Kigali ilikuwa saa 11:05, na mfagizi aliingia dakika 55 baadaye. Mama huyo aweza kupoteza kazi, jina lake zuri na hata uhuru wake, kwa ajili ya saa moja ambayo hakuna aliyejishughulisha kuisahihisha. Na ni kawaida ya mambo haya kwamba lawama humwangukia kwanza aliye chini, mfagizi, mlinzi au kibarua, kwa sababu hana wa kumsemea. Kwa hiyo kila kumbukumbu inapochotwa ghalani hapana budi iandikwe pamoja nayo kwamba imetumia saa ya wapi, na zote zigeuzwe kuwa za namna moja kabla hazijalinganishwa.

Na kadi zenyewe hubadilisha wenyewe. Namba iliyokuwa ya mtu mmoja mwaka jana huweza kupewa mwingine mwaka huu. Jina liunganishwe na tukio wakati tukio linapochotwa, si miezi sita baadaye, ili dhambi ya mmoja isiandikwe katika ukurasa wa mwingine.

Mitego hiyo ikiepukwa, faida huonekana upesi. Kompyuta iliyo ndani ya jengo ikifunguliwa kwa nywila ya mhasibu ambaye kadi yake haikugusa mlango wowote siku hiyo, lipo la kuulizwa: ama ameingia nyuma ya mwenzake bila kutumia kadi, ama mtu mwingine anaitumia nywila yake. Kadi moja ikionekana Nairobi saa 3:00 asubuhi na Kampala saa 3:30 siku hiyo hiyo, kwa njia ya barabara ya zaidi ya kilomita 600, yamkini kadi hiyo ina pacha. Kadi ya mtu aliyeacha kazi mwezi uliopita ikijaribu mlango wa nyuma, au kadi ya idara nyingine ikikataliwa mara nne usiku katika chumba cha mitambo, mlinzi wa zamu aweza kupelekwa hapo dakika hiyo hiyo, badala ya polisi kuitwa kesho yake.

Hata hivyo, si haki kuipa kadi utukufu isiokuwa nao. Kumbukumbu ya mlangoni husema kwamba kadi imeingia. Haisemi kwamba mtu ameingia. Kadi huazimwa, huibwa na huokotwa. Mtu mmoja akifungua mlango, watatu huweza kumfuata kwa adabu ya kushikiliwa mlango. Ofisi nyingi zina kifaa cha kuingilia tu na hazina cha kutokea, kwa hiyo mashine haijui ni nani aliyekwisha kwenda nyumbani. Kadi huweza kunakiliwa pia. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, huko Uholanzi, walionyesha udhaifu wa kadi za aina ya Mifare Classic, zilizokuwa zikitumika sana duniani katika usafiri na milangoni. Kampuni iliyozitengeneza, NXP, iliiomba mahakama iuzuie utafiti huo usichapishwe. Mahakama ya Arnhem ilikataa. Tena kadi halali haijui moyo wa aliyeibeba. Tarehe 16 Septemba 2013, mtu aliyekuwa akifanya kazi chini ya mkandarasi aliingia katika kituo cha jeshi la wanamaji mjini Washington, Marekani, kwa kibali chake halali, akawaua watu 12. Mlango ulifanya kazi yake sawasawa siku hiyo.

Kwa sababu hiyo, kumbukumbu ya kadi ni shahidi, wala si hakimu. Shahidi husikilizwa, hulinganishwa na wengine, na anayeshtakiwa hupewa nafasi ya kujibu. Shirika linalomfukuza mtu kwa mstari mmoja wa kanzidata limeacha kutumia akili na kuikabidhi mashine.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la heshima ya mfanyakazi. Kumbukumbu hizi zikikusanywa mahali pamoja, ni picha ya maisha ya watu: saa wanazofika, wanaokutana nao, muda wanaokaa nje. Ghala la namna hiyo lisipolindwa hugeuka kuwa hazina ya wezi. Mwezi wa Agosti 2019 watafiti walitangaza kwamba kanzidata ya mtambo wa milango uitwao BioStar 2, wa kampuni ya Suprema ya Korea Kusini, iliachwa wazi katika intaneti. Walieleza kwamba ilikuwa na kumbukumbu zaidi ya milioni 27, zikiwamo alama za vidole za watu zaidi ya milioni moja na habari za kuingia na kutoka kwao. Kadi iliyoibwa hufutwa, ikatolewa nyingine. Kidole hakifutwi.

Nchi za Afrika Mashariki zimekwisha kuliona jambo hili. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022, sheria yake ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Msingi wa sheria hizo ni kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana, zitumiwe kwa sababu hiyo, zilindwe, na zisiwekwe kupita muda unaohitajika. Nchini Kenya, taarifa za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, anayezitunza anatakiwa kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data katika muda wa saa 72. Kwa hiyo msimamizi aliyewaambia wafanyakazi kwamba kadi ni kwa ajili ya ulinzi, kisha akaitumia kuhesabu mara ngapi karani ametoka kwenda kujisaidia, amevunja ahadi, na yamkini amevunja sheria.

Yanayotakiwa basi si mengi. Wakuu wa mashirika wawaketishe walinzi na mafundi meza moja. Kumbukumbu zichotwe kila baada ya dakika chache na kuwekwa mahali ambapo hata msimamizi wa milango hawezi kuzibadilisha. Saa zote zilinganishwe. Wanaoruhusiwa kuzisoma wawe wachache na wajulikane, na kusoma kwao kuandikwe pia. Wafanyakazi waelezwe kinachoandikwa, kwa nini kinaandikwa, na kitafutwa lini. Nao wafanyakazi, kwa upande wao, wasiazimishane kadi kwa urafiki, kwani anayeazima kadi yake ameazima jina lake, na siku ya kuulizwa jina ndilo litakaloitwa.

Gharama ya kuyafanya hayo ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya usiku mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika ofisi nyingi ufa wenyewe si wa mlango usiofungika, bali wa daftari lisilosomwa.